Tablo ya depo: kolone ya «kama», na mpunga ambao haukupimwa



Msimu uliopita, katika koperative moja ya upande wa Kasongo ambayo sitaitaja jina, mama mmoja alisimama mbele ya komite siku ya kulipa nyongeza ya mpunga mkavu. Yeye alikuwa ameleta kilo 150. Mpunga wake ulipimwa kwa kipima unyevu, mashine ikaonyesha 15, na kanuni ya koperative ilisema nyongeza ni kwa mpunga wa unyevu wa 14 kushuka chini. Hilo alilikubali, ingawa alisema kwamba kwa meno yake mwenyewe mpunga ule ulikuwa mkavu. Lakini akauliza hivi: «Jirani yangu alileta mpunga siku ile mashine imeishiwa betri. Hakupimwa hata punje moja. Juu ya nini yeye analipwa nyongeza, na mimi niliyepimwa ninakosa?»

Komite ikamtazama sekretere. Sekretere akanitazama mimi. Tablo ilikuwa kwenye ordinatere ya koperative, na fomula iliyogawa ile nyongeza niliiandika mimi mwenyewe, jioni moja, kwa haraka, kabla ya kushika njia ya Kabambare. Sekretere alijaza vizuri. Alipokuwa hana kipimo aliacha mahali patupu, kama nilivyomfundisha. Kosa lilikuwa katika fomula yangu. Basi ukurasa huu ni wa kueleza kosa lile, kwa sababu nimeliona tena katika tablo nyingine mbili tangu siku hiyo, na kila mara kuna mtu aliyelipwa bila haki na mwingine aliyenyimwa haki yake.

Kolone ya «kama» ni kitu gani

Tablo ya depo ina mistari na kolone. Mstari mmoja ni mzigo mmoja ulioletwa na memba mmoja. Kolone ni yale mambo tunayoandika juu ya mzigo: namba ya memba, tarehe, kilo, unyevu. Hizo ni kolone za kujazwa kwa mkono, kwa kuangalia mizani na kipima unyevu.

Kuna aina nyingine ya kolone ambayo hatuijazi kwa mkono. Tunampa ordinatere kanuni moja, naye anaijaza mstari kwa mstari: kama unyevu ni 14 au chini, andika «daraja 1», kama sivyo, andika kitu kingine. Watu wa kaye wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Sekretere mzee anayepiga rula pembeni mwa ukurasa na kutia alama ya msalaba kwa kila aliyelipa mchango, naye ametengeneza kolone ya «kama». Tofauti ni moja tu. Sekretere mzee akifika kwenye mstari ambao haujakamilika, anasimama na kuuliza. Ordinatere hasimami. Anaandika jibu na kuendelea mbele.

Tuchukue mfano wa mizigo mitano. Namba hizi nimezitunga kwa kufundishia, lakini kila mstari una hali ambayo mtaikuta kwenu.

Memba M01: kilo 320, unyevu 13,2
Memba M02: kilo 150, unyevu 15,0
Memba M03: kilo 410, unyevu (patupu)
Memba M04: kilo 275, unyevu 13.8
Memba M05: kilo 500, unyevu 18,0

Tuseme nyongeza ni falanga 50 kwa kila kilo ya mpunga mkavu. Katika Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iko kwenye ordinatere nyingi za huku kwetu, na pia katika LibreOffice Calc ambayo ni ya bure, kilo zikiwa kolone ya B na unyevu kolone ya C, fomula ya haraka ni hii:

=SI(C2<=14;B2*50;0)

Isomeni kwa sauti: kama kilicho katika C2 ni 14 au chini, zidisha kilo mara 50; kama sivyo, weka sifuri. Zile alama za nukta-mkato (;) zinatenga sehemu tatu: swali, jibu la ndiyo, jibu la hapana. Kwenye mashine iliyopangwa kwa Kiingereza neno linakuwa IF na sehemu zinatengwa kwa mkato (,). Ndiyo maana fomula iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki wa Kampala mara nyingine inakataa kabisa kwenye mashine ya Kasongo.

Tukiivuta fomula hadi chini, M01 anapata falanga 16.000. Sawa. M02 anapata sifuri, na hiyo ni sawa kwa kanuni. M05 sifuri, sawa. Lakini M03 ambaye hakupimwa anapata falanga 20.500, kuliko wote. Na M04 ambaye mpunga wake ni mkavu kweli, anapata sifuri badala ya 13.750.

Juu ya nini?

Kwa M03 jibu ni hili: mahali patupu, ukipalinganisha na namba, Excel na Calc wanapahesabu kuwa sifuri. Sifuri iko chini ya 14. Kwa hiyo mpunga ambao haukupimwa unaonekana mkavu kuliko mpunga wote wa duniani. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo. Feza inatoka.

Kwa M04 tazameni vizuri namna 13.8 ilivyoandikwa. Ina nukta, haina mkato. Mashine iliyopangwa kwa Kifaransa inangoja 13,8. Ikikuta nukta inaichukua kuwa maneno, kama vile mtu ameandika jina. Na katika kulinganisha, programu hizi zinahesabu kwamba maneno yote ni makubwa kuliko namba zote. Kwa hiyo 13.8 inakuwa «kubwa» kuliko 14. Mkulima huyu amekausha mpunga wake vizuri, amepimwa, na bado amenyimwa, kwa sababu ya kidole kilichogusa nukta. Dalili iko kwa macho: namba ya kweli inajipanga upande wa kuume wa chumba chake, na ile iliyogeuka maneno inakaa upande wa kushoto. Pitisheni macho kwenye kolone ya unyevu kabla ya kulipa, ni kazi ya dakika moja.

Fomula iliyo salama zaidi inauliza kwanza kama kuna namba ya kweli:

=SI(ESTNUM(C2);SI(C2<=14;B2*50;0);"angalia")

ESTNUM ni swali: je, hii ni namba? Patupu si namba, na 13.8 yenye nukta si namba. Wote wawili, M03 na M04, watatoka na neno «angalia», na sekretere atarudi kwenye kaye ya mapokezi kabla ya kugusa feza. Mwishoni mwa kolone, ikiwa iko kwenye D, wekeni hesabu ya walioachwa hivyo: =NB.SI(D2:D200;"angalia"). Ikitoa zaidi ya sifuri, siku ya malipo haijafika.

Madaraja zaidi ya mawili

Koperative nyingi hazina mpunga mkavu na mpunga mbichi peke yake. Zina kitu katikati. Tuseme komite imeamua: 14 kushuka chini ni daraja 1; juu ya 14 hadi 18 ni daraja 2; kupita 18 unarudi kwenye turubai, ukauke kwanza. Sitaki mtu afikiri kwamba 14 ni namba ya ubishi wa wanunuzi. Mpunga ukihifadhiwa na maji kupita hapo unapata joto ndani ya saki, ukungu unaingia, na mashine ya kukoboa inauvunja. Wa mbegu tunataka ushuke hadi 12 hivi. Na zaidi ya hayo, mpunga wa maji mengi ni kununua maji kwa bei ya mpunga.

Hilo la mwisho nalo lina kolone yake. Kilo 500 zenye unyevu wa 18 zikikaushwa hadi 14 hazibaki 500. Hesabu ni kilo mara 100 toa unyevu, ukigawa kwa 86:

=SI(ESTNUM(C2);SI(C2>14;B2*(100-C2)/86;B2);"angalia")

Kwa M05 inatoa kilo 476,7. Zile 23,3 zilizobaki ni maji yatakayokwenda hewani, na ni mzigo ambao mnunuzi wa Kindu hataulipa. Kwa mama wa kilo 150 na unyevu wa 15, inatoa 148,3. Kilo moja na nusu na kidogo. Nilimwonyesha hesabu hiyo, akacheka, akasema kumbe ugomvi wote ule ulikuwa wa maji yasiyojaza hata ndoo.

Kwa madaraja matatu tunaingiza SI ndani ya SI:

=SI(ESTNUM(C2);SI(C2<=14;"daraja 1";SI(C2<=18;"daraja 2";"ikaushwe"));"angalia")

Mpangilio ni wa maana. Mashine inashika jibu la kwanza lililo kweli, kisha inaacha kutafuta. Mkianza na C2<=18, basi mpunga wa 13,2 nao uko chini ya 18, utapewa daraja 2, na hakuna mtu hata mmoja atakayefika daraja 1. Anzeni na sharti gumu, mshuke.

Tena kuna jambo la mpakani. Je, 14,0 yenyewe ni daraja gani? Alama <= inasema 14 imo ndani; alama < peke yake inasema haimo. Katika kanuni za koperative nyingi nilizosoma, imeandikwa «chini ya 14» mahali pamoja na «usizidi 14» mahali pengine, na hakuna aliyeona kwamba ni sheria mbili. Na mkiamuru mashine ionyeshe tarakimu moja baada ya mkato, 14,04 itaonekana 14,0 mbele ya macho yenu, huku fomula ikiitupa nje ya daraja 1. Memba atasema mashine inadanganya, na kwa upande wake atakuwa na haki. Kubalianeni kwamba kipimo kinaandikwa kwa tarakimu moja, na muandike hiyo hiyo.

Kwa wale wanaofanya kazi na R

Vijana wetu kadhaa waliotoka vyuo vya kilimo wananiuliza juu ya R, kwa hiyo niiguse hapa. R ni lugha ya kupigia hesabu za takwimu, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika chuo kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, miaka ya 1990. Ni ya bure, haiombi leseni, na ukishaiingiza kwa flashi inafanya kazi bila intaneti. Kwetu sisi ambao intaneti ni ya kupanda kilima na telefone mkononi, hilo si jambo dogo. Faida yake nyingine: amri zako zinabaki zimeandikwa kwenye faili. Mtu akiuliza mwaka kesho nyongeza ilitolewaje, unafungua na kusoma. Katika Excel fomula inajificha nyuma ya namba, na mtu akiandika namba juu yake kwa bahati mbaya, hakuna atakayejua.

Faili iliyohifadhiwa kwa namna ya Kifaransa, yaani yenye mikato katika namba, inasomwa hivi:

mpunga <- read.csv2("mpunga.csv")
str(mpunga)

Ule mstari wa pili msiuache. Ukionyesha kwamba unyevu ni «num», endeleeni. Ukionyesha «chr», kuna 13.8 mahali fulani, na hapa ni vibaya kuliko Excel: chumba kimoja chenye nukta kinageuza kolone nzima kuwa maneno. Hapo R italinganisha kama mtu anayepanga majina ya watoto shuleni, kwa herufi ya kwanza, na 9,5 itakuwa «kubwa» kuliko 14 kwa sababu 9 inakuja baada ya 1. Rekebisheni kwenye faili, msome upya.

Kolone rahisi ya «kama» katika R ni hii:

mpunga$daraja <- ifelse(mpunga$unyevu <= 14, "daraja 1", "ikaushwe")

Kwa M03 ambaye hana kipimo, R haiandiki daraja 1 wala ikaushwe. Inaandika NA, maana yake: sijui. Hiyo ndiyo tabia niliyoipenda kuliko zote nilipojifunza lugha hii. Mashine inakubali kwamba haijui.

Lakini msifurahi mapema. Wengi wanatumia kifurushi kinachoitwa dplyr, ambacho kina namna nzuri ya kuandika madaraja mengi bila mabano juu ya mabano:

library(dplyr)
mpunga <- mutate(mpunga, daraja = case_when(
  unyevu <= 14 ~ "daraja 1",
  unyevu <= 18 ~ "daraja 2",
  TRUE ~ "ikaushwe"))

Inasomeka kama kanuni ya koperative yenyewe, mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho wenye TRUE maana yake ni «wote waliobaki». Sasa M03 yuko wapi? Hakuingia wa kwanza, kwa sababu hakuna namba ya kulinganisha. Hakuingia wa pili. Anaangukia kwa waliobaki: ikaushwe. Katika Excel mtu yule yule alilipwa kuliko wote. Hapa anarudishwa nyumbani na mpunga wake, na huenda ni mkavu. Ni mzigo mmoja, memba mmoja, na programu mbili zimempa hukumu mbili, zote bila kumpima.

Dawa ni mstari mmoja, na unatangulia yote:

mpunga <- mutate(mpunga, daraja = case_when(
  is.na(unyevu) ~ "haijapimwa",
  unyevu <= 14 ~ "daraja 1",
  unyevu <= 18 ~ "daraja 2",
  TRUE ~ "ikaushwe"))
table(mpunga$daraja, useNA = "ifany")

Amri ya mwisho inahesabu mizigo ya kila daraja, pamoja na ile isiyo na jibu. Jumla yake ilingane na idadi ya mizigo katika kaye. Isipolingana, msilipe.

Kitu kimoja kwa wote, wa Excel na wa R: kolone mpya iwe mpya. Msiandike daraja juu ya unyevu, wala kilo zilizokatwa maji juu ya kilo za mizani. Nimewahi kuletewa tablo ambayo kilo zake zilikatwa maji mara mbili, na watu wawili tofauti, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza. Kilo za mizani zilikuwa zimefutwa, kaye ilikuwa imelowa mvua, hatukuweza kurudi nyuma.

Kolone ile ile ikifika nyumbani kwenu

Mnapotembelewa na watu wa uchunguzi wenye telefone, wakiuliza mmekula nini siku 7 zilizopita, majibu yenu yanaishia katika kolone ya «kama» ya namna hii hii. Inafaa muijue, maana mara nyingi inaingia katika hesabu ya nani asaidiwe kwanza.

Hesabu hiyo ni ya PAM, Shirika la Chakula Duniani. Kila kundi la chakula lina uzito: nafaka na mizizi 2, maharage na karanga 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari nusu, mafuta nusu. Uzito unazidishwa mara siku ambazo kundi lile lililiwa, kisha zote zinajumlishwa. Baada ya hapo inakuja kolone ya kuwagawa watu. Mpaka wa kawaida ni huu: hadi 21 ni hali mbaya, kupita hapo hadi 35 ni hali ya katikati, juu ya 35 ni hali inayokubalika. Lakini mahali ambapo watu wanakula mafuta na sukari karibu kila siku, mipaka inapandishwa kuwa 28 na 42, ili mafuta peke yake yasifanye nyumba yenye njaa ionekane imeshiba.

Chukueni nyumba moja ya mfano, ya kwetu hapa Kasongo au Kabambare. Bukari ya muhogo siku 7: 14. Sombe siku 7: 7. Mafuta ya mawese ndani ya sombe siku 7: 3,5. Maharage siku moja: 3. Nyama hakuna, samaki hakuna. Jumla 27,5. Kwa mipaka ya 21 na 35, nyumba hiyo iko katikati. Kwa mipaka ya 28 na 42, iko katika hali mbaya. Chakula ni kile kile, sahani ni ile ile. Kilichobadilika ni namba mbili ambazo mtu ameandika ndani ya mstari wa amri, pengine akiwa mbali sana na Maniema, pengine akinakili faili ya mkoa ambako watu hawapiki kwa mawese.

Kwa hiyo matokeo ya uchunguzi yakirudishwa kijijini, ulizeni: mmetumia mipaka gani? Na nyumba ambazo hazikujibu swali moja, mmeziweka wapi? Ni maswali ya haki, na anayefanya kazi vizuri atakuwa na jibu.

Kabla ya kuandika fomula

Ninavyofanya siku hizi ni hivi. Kanuni inaandikwa kwanza kwa maneno, kwenye karatasi, katika kikao, pamoja na sentensi moja juu ya mzigo ambao haukupimwa. Sentensi hiyo ndiyo inayoleta maneno mengi kuliko zote, kwa sababu kila mtu anamjua mtu ambaye hakupimwa. Wengine wanasema alipwe bei ya chini tu. Wengine wanasema kosa ni la depo, si la mkulima, alipwe kamili. Mimi nina maoni yangu: mkulima asibebe mzigo wa betri ambayo komite haikununua. Lakini mwenye kuamua ni mkutano wa memba, si agronome, na hata kidogo si ordinatere.

Halafu natengeneza mizigo mitano ya uongo kama ile ya juu: mmoja mkavu, mmoja wa mpakani kabisa, mmoja mbichi, mmoja patupu, mmoja wenye nukta. Majibu yake nimekwisha kuyaandika kwa biki kabla ya kuwasha mashine. Fomula ikikubaliana na karatasi kwa mitano yote, ndipo inaingia kwenye tablo ya kweli. Hiyo inachukua robo saa. Jioni ile ya kwanza niliona robo saa ni nyingi.

Kwa koperative isiyo na ordinatere, kaye inatosha: pigeni kolone ya daraja, na mahali pasipo na kipimo andikeni «haijapimwa» kwa maneno. Pasibaki peupe. Peupe anaweza kupajaza mtu yeyote, wakati wowote.

Na siku ambayo mashine imeishiwa betri, chukueni sampuli ya kila mzigo, nusu kilo hivi, ndani ya chupa ya plastiki kavu iliyofungwa vizuri, yenye namba ya memba. Ikifungwa vizuri unyevu wake haubadiliki, na mnaweza kuipima kesho yake au kesho kutwa. Msiiache wiki nzima, mpunga mbichi uliofungwa utaota ukungu.

Katika koperative niliyoanza nayo, mkutano uliamua kwamba waliolipwa bila kupimwa hawatarudisha feza, maana hawakuomba kosa lile. Wale wawili waliokuwa na nukta katika kipimo chao walilipwa nyongeza yao siku ya soko iliyofuata. Yule mama hakupata kitu, kwa sababu 15 ni 15. Msimu huu ameleta mpunga mara mbili, na mara zote mbili amesimama karibu na sekretere mpaka aone namba yake imeandikwa, na kwa mkato.